Samaki sijamwona siku ya tisa leo, nifumue mawe au nimwache?

MwambaMdogo
Wakuu habari, naombeni msaada nimeshachanganyikiwa. Nina tangi la maji chumvi lita 120, lina mwaka na kitu, mawe nimeyapanga kama pango hivi na matumbawe laini kibao, ndani kuna klaunifishi wawili na yule mdogo wa bluu mwenye mkia wa njano. Wiki mbili zilizopita nikaongeza samaki wadogo aina ya Nemateleotris magnifica wawili, wale mbele weupe nyuma wekundu, pezi la mgongoni limesimama kama antena. Siku za mwanzo walikuwa wanatoka wanakula wanarudi, freshi tu. Sasa mmoja siku ya tisa leo simwoni kabisa, na mwenzake nikikatiza tu mbele ya kioo anapotea. Chumvi 1.025, joto 25, amonia sifuri. Nataka nitoe mawe yote nimtafute maana wife anasema hela yote imeenda kwenye kutazama mawe 😅

PeziLaJuu
Usifumue mkuu, nakuomba. Ukitoa mawe unambomolea tundu alilolizoea, matumbawe yanavunjika na uchafu wote wa chini ya mchanga unatibuka. Hao baharini wanaelea juu ya tundu lao wameuelekea mkondo wanadaka planktoni, yaani vidudu vidogo vinavyoelea majini, kitu kikipita fyuu, ndani. Kujificha ndo maisha yao. Swali, tangi lina mfuniko?

MwambaMdogo
Mfuniko sina, taa tu juu. Sakafuni nimeangalia hadi chini ya kochi, hakuna kitu.

BiChumvi
Bila mfuniko?? Hao wanaruka hata ukiwasha taa ghafla jamani. Weka wavu wa matundu ya milimita 6, nao mwanga unapita vizuri tu. Ila kabla hujakata tamaa kachungulie kule maji yanakofurikia kushuka, na kwenye sampu, lile tangi la chini la kuchujia, na kwenye soksi ya chujio. Wa kwangu nilishamlilia siku 11 nikaja kumkuta kwenye sampu kanenepa kuliko waliobaki juu, huko kopepodi, vile vidudu vidogo vya majini, wamejaa na hakuna wa kumsumbua.

JiweHai
Ni huyo wa bluu tu hapo, mtoe. Ukoo wao wote wababe, kasamaki ka sentimita sita kanajiona tangi kaachiwa na babu yake.

KinaKirefu
@JiweHai taratibu, huyo wa mkia wa njano ni afadhali kuliko ndugu zake wengi. Mi namuuliza mleta mada, hao wawili ulipewa kama jozi iliyokwishapatana au uliokota wawili tu? Maana dume na jike huwezi kuwajua kwa macho, na wawili wasiopendana kwenye tangi la saizi hiyo mmoja anamtimua mwenzie mpaka aruke au afe na njaa shimoni. Fanya hivi, taa zikizima subiri kama saa moja halafu chukua tochi uizibe na nailoni nyekundu, samaki wengi mwanga mwekundu hawauoni vizuri, kaa kimya utazame kwenye nyufa. Na kulisha usimwage tu juu, wale klauni wanamaliza kabla chakula hakijashuka, tumia bomba la sindano uliloondoa sindano, puliza vikamba taratibu karibu na tundu na upunguze pampu wakati huo.

MwambaMdogo
Niliokota wawili tu 🙈

MwambaMdogo
MREJESHO wakuu. Kapatikana! Yuko hai, kwenye kile kisanduku cha maji yanapofurikia, kakonda na mkia umechanika. Nikamteka na kikombe nikamrudisha, nikakaa pembeni kimya. Wa bluu hata hakugeuka. Mwenzake ndo alitoka shimoni kama mshale, antena imesimama, kamkimbiza hadi kona ya juu kabisa. Nimemtoa, sasa yuko kwenye boksi la plastiki lenye matundu humohumo tangini, artemia, vile vikamba vidogo vya chakula, anakula.

JiweHai
Duh, nilimsingizia wa bluu. Nisameheni.

BiChumvi
Huyo asirudi kwa mwenzie hata mkia ukipona, mtafutie tangi lingine. Na ukija kutaka tena wa kujificha, chukua gobi mlinzi, samaki mdogo wa kukaa mchangani, na yule kamba mwenye gando la kufyatua. Kamba haoni vizuri, anachimba huku kipapasio kimegusa mkia wa gobi, gobi akishtuka mkia wote wawili ndani. Utakaa hapo hadi chai ipoe. Wanataka mchanga uliochanganyika na vipande vya matumbawe, na mawe yakae kwenye kioo cha chini kabisa, sio juu ya mchanga, la sivyo atachimba yamwangukie.

MwambaMdogo
Wavu nimeshaupima naukata kesho. Sasa huyu wa kwenye boksi anaweza kukaa humo siku ngapi?

KinaKirefu
Siku chache, ila muwekee kipande cha bomba humo ajifiche, na boksi liwe na mfuniko. Hata humo anaruka.