IST ya 2004, masega yamekufa: nichukue yapi kati ya haya?

Mama Tumaini, Moshi

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu kabla ya Jumamosi kuhusu masega, yaani kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi (catalytic converter).

Gari yangu ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 2NZ, cc 1,300, imetembea kilomita 168,000. Kila Ijumaa jioni nampeleka mama kwake Marangu. Mwaka jana ule mlima wa kutoka Himo nilikuwa naupanda kwa 60 bila kuhangaika. Sasa nakanyaga mafuta hadi chini, injini inaunguruma, spidi inagoma kwenye 35 na daladala zinanipigia honi nyuma. Taa ya injini inawaka. Nikifika nyumbani kuna harufu ya yai viza, na gari ikiwa sailensi, yaani imewashwa imesimama, kunalia chini kama kokoto ndani ya kopo. Fundi alipima kwa mashine ikatoka P0420, kodi ya kwamba masega hayasafishi moshi vizuri.

Fundi anasema dawa ni kuyatoboa masega, na yale ya zamani atayanunua mwenyewe kwa 100,000. Sitaki. Mwanangu wa mwisho ana pumu na anakaa siti ya nyuma.

Nimezunguka maduka ya spea hapa Moshi na huko Arusha. Kuna masega mapya ya "kila gari", yaani kopo tu, unakata bomba na kuchomelea, 160,000. Nililishika, jepesi mno. Kuna mapya yaliyotengenezwa kwa ajili ya IST, yana flenji zake (vile vibati vya kufungia kwa bolti) na tundu la sensa, yana alama ya E kwenye duara, 420,000, yanatoka Dar kwa siku tatu. Halafu kuna used ya Japani, bomba zima limekatwa kwenye gari, 350,000, hakuna garantii. Mngekuwa ninyi mngechukua yapi?

Fundi Bomba, Unga Limited, Arusha

Pole sana dada, na asante kwa kukataa kutoboa. Mimi miaka 11 kazi yangu ni ekzosi tu.

Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta kilichoyaua hayo ya zamani. Gari ikiwa inamisi, yaani silinda moja haiwaki vizuri, petroli ambayo haijaungua inakwenda kuungulia ndani ya masega. Kwa kawaida yanafanya kazi kwenye nyuzi 400 hadi 800 hivi. Petroli ikiwakia humo joto linapanda mpaka kile kigae kinayeyuka na kupasuka, ndizo kokoto unazozisikia. Au injini inakula oili, na majivu yake yanafunika madini yanayosafisha moshi. Ukifunga mapya wakati chanzo bado kipo, mfano koili mbovu (ile inayopeleka umeme kwenye plagi), utayaua na hayo. Mwambie fundi asome kodi zote za hitilafu kwenye mashine, hasa za kumisi, P0300 hadi P0304, kisha atoe plagi nne azipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Utaona mwenyewe ipi haifanani na wenzake.

Pia afungue ile sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, muijaribu gari kwenye kilima kifupi. Itapiga kelele, lakini ikianza kuvuta ujue njia imeziba kweli.

Sasa uchaguzi. Kopo la 160,000 achana nalo. Kazi yote inafanywa na utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu uliopakwa kwenye vile vitundu. Madini hayo ni ghali, na anayetaka kuuza rahisi anapunguza hapo hapo. Nimeyafunga mengi kwa sababu mteja hana zaidi. Miezi mitatu, minne, P0420 inarudi. Sensa ya mbele ndiyo inayopaswa kupanda na kushuka, ya nyuma itulie kwenye volti 0.6 au 0.7. Masega yakiwa maskini, ya nyuma inacheza kama ya mbele na kompyuta inawasha taa.

Used ya Japani siidharau, kiwandani hawakubania madini. Mulika tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili: mwanga upite kwenye vitundu vyote, kusiwe na sehemu iliyoyeyuka kama nta. Litikise, lisilie. Ila kwa umri wa hizo gari, na bila garantii, mimi ningeongeza hiyo 70,000 nichukue ya flenji.

Hiyo alama ya E ni kibali cha Ulaya, na namba iliyo nayo ni nchi iliyotoa: 1 Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza. Kanuni ya masega ya kubadilishia ni namba 103, kwa hiyo itafute 103 kwenye maandishi ya pembeni. Iwe imepigwa kwenye bati lenyewe. Stika kwenye boksi haitoshi. Na uwape namba ya chesi, usiseme "IST" tu, maana IST zenye injini ya 2NZ na zenye 1NZ mabomba yanaweza kupishana.

Dereva wa Sakina

Mimi nilitoboa ya Vitz mwaka juzi na najuta. Kwenye foleni ya Mianzini nikishusha kioo macho yanawasha, mke wangu kichwa kinamuuma kila tukitoka mjini. Dada, usikubali.

Fundi Bomba, Unga Limited, Arusha

Kaka, hicho kichwa usikichukulie kirahisi. Kaboni monoksaidi haina harufu, na masega ndiyo yanayoipunguza. Kama bomba lina tundu chini ya sakafu inaingia ndani mkiwa mmefunga vioo. Lete gari niangalie maungio, kuangalia ni bure.

Mama Tumaini, Moshi

Nimerudi. Mashine imesomwa tena mbele yangu: kulikuwa na P0303 ambayo sikuambiwa mara ya kwanza. Plagi ya silinda ya tatu ilitoka nyeusi, imelowa, inanuka petroli. Nyingine tatu za kahawia kavu. Koili yake imekufa. Nimebadilisha koili na plagi zote nne jana. Kutetemeka kumeisha, kilima bado haipandi. Sensa ya mbele ilipofunguliwa ikavuta mpaka nikaogopa.

Nimelipia ya flenji. Muuzaji amenitumia picha ya bati: E4, na 103 ipo. Namba ya chesi nimempa. Masega ya zamani nimemwambia fundi ayaweke kwenye buti yangu, nitaamua mwenyewe pa kuyauza.

Kuna la kuangalia wakati wa kufunga?

Fundi Bomba, Unga Limited, Arusha

Gasketi mpya pande zote mbili, usikubali za zamani. Kuna mshale kwenye bati, uelekee nyuma ya gari. Sensa zifungwe kwa mkono kwanza ndipo spana. Kodi zifutwe, halafu utembee siku kadhaa, mjini na barabara kuu, kabla ya kupima tena.

Mama Tumaini, Moshi

Asante sana kaka. Ijumaa napanda na mama, watoto wawili na gunia la mahindi. Nitawaandikia spidi niliyofika nayo Marangu Mtoni.