Nimeimimina porto miaka 22, sasa nataka kuifuata kwao. Nishaurini

MhudumuWaZamani (South C)

Wanajukwaa, hamjambo. Nilikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja hapa mjini kwa miaka 22, nikastaafu mwaka jana. Usiku wa Jumamosi, sahani zikishaondolewa na jibini kuletwa, kumimina porto, ule mvinyo mtamu mkali wa Ureno, ilikuwa kazi yangu. Glasi ndogo, unaijaza kupita nusu kidogo, kisha unafuta shingo ya chupa kwa kitambaa kabla tone halijaangukia meza. Mwenyewe nilikuwa naonja kilichobaki chini ya chupa, kijiko kimoja, nimesimama jikoni. Hapo ndipo nilipoipenda.

Nilizaliwa Desemba 1963, mwezi tuliopata uhuru. Mgeni mmoja aliwahi kuniambia kuwa mwaka huo ulitoa porto nzuri mno, na tangu siku hiyo neno lake halijanitoka. Watoto wetu wamechanga nauli, siku tisa Ureno, mimi na mama yao. Yeye hanywi pombe kabisa, na sitaki azunguke nyuma yangu ghala kwa ghala akiangalia saa.

Naomba kujua: tukae wapi siku ngapi, twende mwezi gani, na ninunue nini? Pensheni yangu ni ya kawaida.

Nyawira_wa_Chupa

Mzee wangu, salamu nyingi. Nauza mvinyo katika duka dogo la Ngong Road na nimefika huko mara mbili.

Jua kwanza kwamba porto ina makao mawili. Zabibu hulimwa bonde la mto Douro, bara kabisa, kwenye matuta yaliyochongwa katika mawe. Mvinyo wenyewe kwa desturi huzeekea Vila Nova de Gaia, ng'ambo tu ya mto kutoka mji wa Porto. Bondeni joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Gaia inapata ubaridi na unyevu wa bahari, kwa hiyo pipa linazeeka polepole. Ukiishia Gaia utakuwa umeona ghala na hujaona shamba. Mimi ningekaa siku nne mjini, tatu bondeni, na zinazobaki ziwe za njiani na kupumzika.

Gaia vukeni kwa miguu juu ya daraja la Dom Luís I, ngazi ya juu. Lilifunguliwa 1886 na kutoka pale mto wote uko chini yenu. Ghala mbili kwa siku zinatosha kabisa, maana hii ni asilimia 20 hivi ya alkoholi, si bia. Na weka nafasi mapema! Safari yangu ya kwanza nilipanda mlima kwenye jua la saa nane hadi ghala moja bila miadi, nikaambiwa mlangoni kuwa wamejaa hadi kesho kutwa. Nilishuka na kiu yangu.

Kwenda bondeni pandeni treni ya Pinhão, mji mdogo wa huko, mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Kaeni upande wa kulia, huko ndiko mto uliko. Mkifika msikimbilie nje. Kuta za stesheni ya Pinhão zina vigae vya bluu na nyeupe vilivyochorwa mavuno: wachumaji, vikapu, mashua za kusafirishia mapipa. Mama atapata cha kutazama kuliko wewe.

Mwezi? Septemba, kuanzia katikati, ukitaka kuona mavuno. Baadhi ya mashamba bado yanakanyaga zabibu kwa miguu. Nililala katika shamba moja nikaona kwa macho yangu: birika la mawe pana kama sebule, watu wameshikana mabega mistari miwili, mmoja anahesabu hatua, kushoto, kulia, na zabibu zimewafika mapajani. Saa mbili nzima hivyo, mwendo wa askari, hakuna kucheza. Rangi haikuwatoka miguuni hata walipooga. Mvinyo ukichacha siku mbili tatu, sukari ikiwa bado nyingi, wanautia spiriti ya zabibu ya asilimia 77. Chachu inakufa, utamu unabaki. Katika pipa la lita 550, kama lita 115 ni hiyo spiriti. Ndiyo siri ya kile kijiko chako cha jikoni.

Kuhusu kununua, nikuulize: utainywa na nani? Chupa iliyoandikwa Vintage, yaani porto ya mavuno ya mwaka mmoja uliokuwa mzuri, hukaa pipani miaka miwili au mitatu tu, halafu inazeeka ndani ya chupa miongo mingi. Ukiifungua, imalize siku hiyo au kesho yake. Tawny ni kinyume chake, imezeekea pipani, ya miaka 10, 20, 30, 40 au zaidi, na ikifunguliwa inavumilia wiki kadhaa. Kama nyumbani mnywaji ni wewe peke yako, glasi moja Jumapili baada ya chakula, nunua Tawny ya miaka 20. Sina shaka yoyote juu ya hilo.

BabaTamara

Dada, kwa heshima, mzee huyu kazaliwa 1963! Asinunue ya mwaka wake?

Nyawira_wa_Chupa

Vintage ya 1963 bado zinapatikana, lakini chupa moja ni mamia ya euro, na sitaki pensheni iishie kwenye kizibo kilichochoka. Aulize kwenye ghala kama kuna mvinyo wa miaka ya zamani unaouzwa kwa glasi. Aulize pia Colheita, yaani Tawny ya mavuno ya mwaka mmoja iliyokaa pipani angalau miaka saba. Kopke, nyumba ya kutengeneza porto ya tangu 1638, inasifika kwa hizo.

BabaTamara

Hapo sawa. Basi niongeze la kwangu, mzee asije akaumia kama mimi. Nilirudi na Vintage ya zamani, nikafika nyumbani Donholm asubuhi, jioni nikaifungua kwa ajili ya shemeji zangu. Chupa ilikuwa imetikisika ndege mbili na teksi. Glasi zote zilijaa mashapo, mazito kama ya kahawa, na shemeji mkubwa akaiweka yake mezani hakuigusa tena. Ile ilikuwa zawadi yake ya miaka 50. Iache isimame wima siku kadhaa, kisha uimimine taratibu kwenye jagi mbele ya mwanga, ukiona tope linakaribia shingo, acha.

MhudumuWaZamani

Pole sana ndugu yangu. Kumimina mbele ya mshumaa nilifundishwa mwaka wangu wa kwanza kazini, lakini hilo la kuipumzisha baada ya safari sikuwahi kulifikiria, kwetu chupa zilikuwa zimeshapumzika stoo.

Wakala_Forodha

Mzee, kwa upande wa mizigo: JKIA, uwanja wetu wa ndege wa Nairobi, kila mtu mzima anaruhusiwa lita mbili za mvinyo bila ushuru. Chupa ya kawaida ni mililita 750, kwa hiyo mbili ni lita moja na nusu, na bado kuna nafasi ya nusu chupa ya mililita 375. Mama hanywi, lakini naye ana lita zake mbili, zisipotee bure. Zikizidi, tangaza mwenyewe na utoe risiti, usingoje kuulizwa. Chupa zote ziingie kwenye sanduku la kupakiwa, katikati ya nguo, kila moja ndani ya soksi nene na mfuko wa plastiki uliofungwa.

Viza ya Schengen, ya kuingilia Ureno, unaweza kuomba miezi sita kabla ya safari. Kwa Septemba, anza mapema.

MhudumuWaZamani

Nimewasomea mama watoto majibu yote. La vigae limempendeza, ameshaanza kuniuliza kama kamera ya simu yake itatosha.

Tumeamua hivi: Septemba, wiki ya tatu. Ya 1963 nitaitafuta kwa glasi, nikiipata nitainywa nikiwa nimekaa, kwenye kiti, nikihudumiwa. Nyumbani tutaleta Tawny mbili za miaka 20, na Vintage moja ya 2017. Mjukuu wetu wa kwanza ni wa mwaka huo. Nyawira, ni mwaka mzuri? Na nitaihifadhije hadi awe mtu mzima?

Nyawira_wa_Chupa

Mzuri sana mzee, nyumba nyingi zilitangaza Vintage mwaka huo. Ilaze, kizibo kisikauke. Giza, mahali pasipobadilika joto, mbali na jiko. Baridi ya Nairobi itakusaidia. Zile Tawny za kizibo chenye kifuniko zisimamishe.

MhudumuWaZamani

Chini ya kitanda chetu kuna sanduku la mbao alilokuja nalo mama watoto tulipooana, liko upande wa ukuta usiopigwa na jua. Asubuhi ametoa mashuka, nimejaribu na chupa tupu. Inaingia ikilala, na kifuniko kinafunga.