Ushauri: mwenzetu kagongwa na nyoka Rondo tukitazama vinyonga. Tununue dawa ya kubeba?

Mwalimu_Mtama:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Sisi ni walimu wa baiolojia huku Mtama, Lindi. Likizo tunapanda msitu wa Rondo kutazama reptilia, hasa wale vinyonga wadogo wenye mkia mfupi. Mchana huwaoni, wamejichanganya na majani makavu. Usiku wanapanda vijiti kulala, ndipo tochi inawaonyesha.

Mwezi uliopita mwenzetu aligongwa na kifutu, juu kidogo ya kisigino. Wenyeji walitaka kumfunga kamba na kumchanja, mwingine akaleta jiwe jeusi. Tukampakia bodaboda. Zahanati ya kwanza haikuwa na dawa, tukaambiwa tusonge mbele. Mguu ulivimba hadi gotini. Namshukuru Mungu ameanza kutembea, ila mkewe hataki kusikia tena habari za Rondo, na namwelewa.

Tukichanga tukanunua dawa ya sumu ya nyoka ikae begini, itatusaidia? Au tuache kabisa kutembea usiku?

Muuguzi_Kusini:
Pole kwa mgonjwa, mwalimu. Dawa ya begini sikushauri hata kidogo. Inapitishwa kwenye mshipa, tena chupa kadhaa, na yenyewe inaweza kuleta mzio mkali: koo linabana, presha inashuka, mtu anakufia porini wakati sumu ingekuachia muda wa kumfikisha hospitali. Wodini hatuianzi kabla adrenalini haijawa tayari.

Hela hiyo iwe ya usafiri. Mwenye pikipiki asiondoke mpaka mmeshuka wote kutoka msituni. Na kabla ya kupanda, pigeni simu hospitali ya Nyangao au Ndanda, muulize kama dawa ipo siku hiyo hiyo.

Mtu akigongwa, vueni pete, saa na viatu kabla hajavimba. Mguu ufungiwe banzi usichezecheze, abebwe, asitembee. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba: sumu ya kifutu inaharibu nyama pale pale, ukiibana unaweza kuupoteza mguu. Akianza kutapika, mlazeni ubavu.

Korosho_Masasi:
Dada muuguzi, mbona babu yangu jiwe lilimponya kabisa? Nimeshuhudia.

Muuguzi_Kusini:
Namheshimu babu, kaka. Lakini nyoka wengi hawana sumu, na hata mwenye sumu wakati mwingine anauma bila kuimwaga. Huyo angepona na jiwe au bila jiwe. Ninaowapokea wamechelewa ni wale ambao sumu iliingia kweli. Akiwa koboko, kope zinalegea, kisha pumzi inakatika, na hapo kinachomwokoa ni mtu wa kumsaidia kupumua.

Mpenda_Reptilia:
Mwalimu, mimi nahofia zaidi mikono yenu kuliko miguu. Unatafuta kinyonga kwenye vijiti, na kwenye vijiti hivyo hivyo kuna nyoka mwembamba wa kijivu anayetulia kama tawi lililokauka. Wataalamu wanamwita Thelotornis. Anaonekana mpole, watu wanamshika. Sumu yake inazuia damu kuganda, haina dawa maalumu popote duniani, na dalili zinaweza kuchelewa saa nyingi. Robert Mertens, mtaalamu mkubwa wa reptilia wa Ujerumani, alifariki mwaka 1975 baada ya kuumwa na nyoka wa jenasi hiyo. Aliyeumwa naye alazwe hata kama anajisikia mzima, damu yake ipimwe kama inaganda.

Usiku nendeni wawili wawili: mmoja amulike matawi, mwingine amulike ardhi tu. Kifutu hakimbii ukimkaribia, anategemea usimwone.

Mzee_Newala:
Wanangu, hapa Newala aliishi Mwingereza Ionides, aliyekufa mwaka 1968. Watu walimwita Bwana Nyoka. Kukamata nyoka ndiyo ilikuwa kazi yake, anatumia fimbo ndefu, na bado aliumwa mara kadhaa. Ninyi mnatazama tu, basi tazameni bila kugusa. Vaeni gambuti. Mkewe huyo kijana nendeni mkaongee naye nyumbani, mumweleze mpango wote.

Mwalimu_Mtama:
Shikamoo mzee, tutaenda. Dada muuguzi, nawashukuru wote. Habari ya kununua dawa tumeifuta, tunatafuta gambuti na bodaboda wa kukesha nasi. Moja bado: swila akitema machoni?

Muuguzi_Kusini:
Maji safi mengi, dakika 15 hadi 20, jicho likiwa wazi, halafu hospitali. Asilisugue, na msitie utomvu wala majani. Bebeni lita 5 za akiba ambazo hakuna atakayezinywa.