Hivi Marekani inaweza kweli kuwapatanisha Waisraeli na Wapalestina?

Kijana wa Chumbageni: Wakuu, nisaidieni. Mwaka 1978 Rais Carter wa Marekani aliwakalisha Begin wa Israeli na Sadat wa Misri huko Camp David siku 13, na Misri ikaja kurudishiwa Sinai. Clinton akajaribu palepale mwaka 2000 na Barak wa Israeli na Arafat wa Wapalestina, wakatoka mikono mitupu. Kwa nini?

Mzee wa Kahawa: Sinai ni jangwa, kijana. Walowezi wa Kiisraeli walikuwa wachache, mji wao wa Yamit ukabomolewa 1982, basi. Ukingo wa Magharibi ni habari nyingine. Mkataba wa Oslo wa pili kati ya Israeli na Wapalestina, 1995, uliukata vipande A, B na C. C peke yake ni kama asilimia 60, chini ya Israeli. Yerusalemu, wakimbizi, mipaka, yote yakawekwa kiporo. Hamas, kundi la Wapalestina wenye silaha, wakalipua mabasi, na Rabin, waziri mkuu wa Israeli, akauawa na Myahudi mwenzake.

Bi Shangazi: Mbona humgusi msuluhishi? Dola bilioni 38 za kijeshi kwa Israeli, 2019 hadi 2028, zilizosainiwa enzi za Obama. Mshenga gani huyo anayelipa upande mmoja?

Mzee wa Kahawa: Dada, hata Misri inakula bilioni 1.3 za kijeshi kila mwaka kutoka hukohuko. Shida ni pesa isiyo na masharti. Septemba 1991 Bush mkubwa alizuia dhamana ya mikopo ya Israeli ya dola bilioni 10 kwa sababu ya makazi ya walowezi. Oktoba hiyo waziri mkuu wa Israeli, Shamir, aliyekuwa hataki kusikia, alikuwa mezani kwenye mkutano wa amani Madrid.