Tupeane uzoefu: Umewahi kukata bima ya muda mfupi ili upate kodi au kibali cha gari?

Ngosha wa Igoma

Wakuu, habari za jioni. Dogo wangu yuko Belfast, kanipigia usiku wa juzi. Kanunua gari, na ili alilipie kodi posta ametakiwa kuonyesha bima. Anauliza kama akate ya siku moja tu, kodi ipite, halafu atafute ya mwaka kwa utulivu.

Sisi huku kodi ya namna hiyo tumeshaisahau. Ile rodi laisensi ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, kwa hiyo kila ukijaza tenki umeshalipa. Lakini swali lake limenirudisha kwenye jambo ambalo sijawahi kulisimulia vizuri.

Nilinunua Noah Kahama. Bima ya zamani ilikuwa imeisha, nami nilitaka tu kulifikisha Mwanza. Wakala mmoja akaniambia ananikatia ya mwezi mmoja. Karatasi ikatoka ina muhuri, namba ya gari, tarehe, kila kitu. Nikaja nalo salama mpaka Mabatini. Pale nikahama upande bila kuangalia vizuri, nikaigusa bodaboda iliyombeba mama na ndoo ya dagaa. Dagaa wote wakatapakaa kwenye lami. Yule mama alikaa chini ameshika kifundo cha mguu, wala halii, macho yote kwa dagaa wake.

Trafiki akaingiza namba ya gari kwenye simu. "Mzee, gari hili halina bima." Wakala alichukua hela, akaandika karatasi, lakini kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, hakuingiza kitu. Matibabu nikalipa mwenyewe na dagaa nikalipa, ila wiki tatu ambazo yule mama hakushuka soko la samaki la mwaloni Kirumba sikuweza kuzirudisha. Bado inaniuma, kwa sababu bima ndogo, ile ya kumlipa unayemgonga, ipo kwa ajili ya mtu kama yeye, wala si kwa ajili ya gari langu.

Mwenye uzoefu aeleze. Mpakani, nje ya nchi, popote.

Binti wa Nyakato

Kaka Ngosha, shikamoo. Mimi ni nesi, nami niko Belfast, kwa hiyo la dogo nalijua mwanzo mwisho.

Kwanza ajue kwamba kodi ya muuzaji haimfuati yeye. Tangu tarehe 1 Oktoba 2014 Uingereza yote gari likiuzwa kodi inakufa na mwenye gari wa zamani, anarudishiwa miezi iliyobaki. Mwaka huo huo ile karatasi ya duara ya kubandika kwenye kioo nayo ikaondolewa. Mnunuzi anaanza upya, kwa namba ya tarakimu 12 iliyo kwenye kile kipande cha kijani ulichokatiwa kutoka kwenye kadi ya gari.

Pili, huku Ireland Kaskazini ukienda posta wanataka cheti cha bima. Nilichapisha cha kwangu kazini, nikakikunja mfukoni. Bima yenyewe ilikuwa ya siku moja, niliikata kwa simu nikiwa nimesimama uani kwa muuzaji na mvua inaninyeshea. Yule mama wa posta alisoma tarehe, akasoma saa ya kuanza, akaangalia jina langu na namba ya gari, akanilipisha kodi. Hakuuliza kwa nini ni ya siku moja. Bima ni bima, mradi iwe hai.

Nilinunua tarehe 27, na hapo niliumia kidogo. Kodi yao inahesabiwa kuanzia tarehe 1 ya mwezi, hivyo siku nne zilizobaki nililipia mwezi mzima. Dogo kama anaweza kusubiri mwezi ugeuke, asubiri.

Mhandisi Coventry

Nyongeza fupi kwa walio England, Scotland na Wales. Huku sheria inataka gari liwe na bima kila siku hata kama limelala nje ya nyumba, isipokuwa umetangaza rasmi kwamba umeliondoa barabarani. Mimi nilikata ya siku moja, nikalipa kodi ya miezi sita, nikaona nimemaliza, gari likakaa mlangoni. Barua ikaja, na baada yake faini ya pauni 100. Kodi ilikuwa hai kabisa. Iliyokufa ni bima.

Jakoyo Kisumu

Habari zenu kutoka ng'ambo hii ya ziwa. Kwetu bima ya mwezi kwa mwezi ni jambo la kawaida mno, hasa kwa sisi wa Probox na matatu. Pesa ya mwaka mzima mtu hanayo kwa mkupuo, analipa kadiri gari linavyoingiza. Sioni aibu yoyote kwa hilo. Shida ni kwamba tarehe ya kuisha inakukuta kila mwezi, na mwezi ambao gari limekaa gereji ndio mwezi unaosahau.

Mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024? Ulitaka kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani yake, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000 za Kenya, na ilipwe pale unapokatiwa bima. Kampuni ya bima ndiyo ingekuwa mkusanyaji. Niliwaza sana habari za watu wetu wa mwezi kwa mwezi. Mtu akiona bima imebeba kodi mgongoni, ataanza kuikimbia bima yenyewe, na atakayegongwa barabarani atadai kwa nani? Kipengele kile kiliondolewa, na baada ya maandamano ya Juni Rais akakataa kuutia saini mswada wote.

Mama Sengerema

Yangu ni ya Mutukula. Shemeji yangu alitoka Masaka na gari la namba za Uganda kuja kwenye msiba wa baba mkwe. Mpakani forodha wakampa kibali cha siku 14, na bima akakatiwa ya siku 14 hizo hizo. Msiba ukafuatiwa na kikao cha ukoo, siku zikakatika. Shemeji ni mtu wa utaratibu, akaenda TRA, mamlaka ya mapato, mapema akaongezewa siku za kibali. Akarudi amefurahi, karatasi ameiweka kwenye bahasha ya plastiki.

Siku ya kuondoka alikuwa upande wa Mwanza, na wakati huo daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, kwa hiyo ni foleni ya kivuko. Jua linazama, malori mbele yetu hayahesabiki, wauza mahindi wanapita dirishani. Trafiki akaja. Shemeji akampa bahasha kwa kujiamini. Trafiki akasoma kibali, akasema kiko sawa. Akasoma bima: iliisha jana.

Hatukuwa na la kusema. Aliongeza siku za forodha akasahau za bima, maana ofisi moja haikukumbushi ya nyingine. Faini tukalipa, tukapiga simu wakala akatukatia nyingine, na kivuko cha mwisho kikaondoka tukikitazama. Tulilala kwenye gari na watoto.

Siku hizi akija anatembea na ile kadi ya njano ya COMESA, bima ya kuvukia mipaka, aliyokata huko huko Kampala. Inatambulika Tanzania, Kenya na Rwanda pia. Lakini kabla ya kutoka nyumbani anaandika tarehe zote mbili kwa kalamu nyuma ya mkono, ya kibali na ya bima. Tulimcheka mwanzo, sasa nami nafanya hivyo.

Dereva wa Buzuruga

Ngosha, pole. Kabla hujawasha gari ingia TIRA-MIS, mfumo wa TIRA wa mtandaoni, weka namba ya gari au ya stika. Kama haionekani, hela yako irudi palepale. Haichukui dakika mbili. Na bima ndogo ya gari dogo la binafsi ni 118,000 kwa mwaka, VAT ikiwemo. Kwa mtu anayebaki na gari, ya mwezi mmoja sikushauri.

Ngosha wa Igoma

Asanteni sana. Binti wa Nyakato, marahaba, Mungu akubariki kwa kazi yako.

Nimemsomea dogo yote kwenye simu. Kodi imeshapita, na bima ya mwaka ameshapata. Ila nimemwambia anisomee saa zilizoandikwa: ya siku moja inaisha kesho saa tisa alasiri, ya mwaka inaanza saa sita usiku wa kuamkia keshokutwa. Na anaingia kazini saa kumi na moja jioni, kwa gari hilo hilo. Anawapigia asubuhi waianzishe saa tisa.