Protini za kimelea cha malaria huvukaje hadi ndani ya seli nyekundu?

Swali
Wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Plasmodium falciparum huishi ndani ya vakuoli (kifuko chenye utando wake) katika seli nyekundu ya damu, hivyo protini yake hulazimika kuvuka utando wa kimelea, kisha utando wa vakuoli. Seli hiyo iliyokomaa haina kiini wala retikulamu ya endoplazimu, yaani haina njia ya usafirishaji ambayo kimelea kingeweza kuiteka. Protini huvushwa na nini?

Jibu la 1
Ndugu, kimelea hujitengenezea njia chenyewe. Protini nyingi zinazosafirishwa zina alama fupi ya asidi amino iitwayo PEXEL, iliyoelezwa mwaka 2004, ambayo hukatwa na kimeng'enya cha plazimepsini V zikiwa bado katika retikulamu ya kimelea. Zikishamwagwa kwenye vakuoli hupokelewa na mtambo wa PTEX, ambamo protini iitwayo HSP101 hutumia nishati ya ATP kuikunjua protini na kuisukuma kupitia EXP2, tundu lililotoboa utando, huku protini ya tatu, PTEX150, ikiviunganisha viwili hivyo. Kukunjua huko ni sharti, kwa maana protini hupita kama uzi katika tundu la sindano. Watafiti walipoiunganisha protini ya kusafirishwa na kipande ambacho dawa hukikaza kisikunjuke, ilikwama humo vakuolini.

Jibu la 2
Nakubali, ila PEXEL isichukuliwe kuwa tiketi ya lazima. PfEMP1, protini ya kimelea inayojitokeza kwenye uso wa seli nyekundu na ambayo kwa mgonjwa ndiyo yenye madhara makubwa, haina alama hiyo ya kawaida, lakini majaribio ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba PTEX ikizimwa nayo haifiki vizuri kwenye uso wa seli. Ikivuka, hupitia vifuko vya Maurer, ambavyo kimelea hujijengea ndani ya seli nyekundu, hadi kwenye vinundu vya uso wa seli vilivyojengwa kwa protini ya KAHRP, na hapo huinatisha seli kwenye kuta za mishipa midogo, hata ya ubongo, isipite kwenye wengu ikaharibiwa. Kwa waliorithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu, PfEMP1 hujitokeza kidogo, na huenda hiyo ni sehemu ya kinga yao.

Muuliza swali
Ahsanteni. Je, Toxoplasma, kimelea jamaa wa Plasmodium, nayo hutumia PTEX?

Jibu la 1
Hapana. Yenyewe hutegemea protini kama MYR1, na baadhi ya protini zake, mfano GRA16, hufika hadi kwenye kiini cha seli iliyoambukizwa. Ina GRA17, ndugu wa EXP2, lakini hiyo hupitisha molekuli ndogo tu.