Piezo kwenye mota ya pampu: volti zipo, nguvu hakuna

Mvunamtetemo: Wakuu, naombeni msaada. Nataka mtetemo wa mota uendeshe sensa ya joto. Nimebandika sahani ya piezo (inayotoa umeme ikikunjwa) kwenye ubapa wa chuma. Ncha moja nimeifunga kwenye mota ya pampu (umeme wa 50 Hz), nyingine inaning'inia. Bila mzigo, yaani sijaunganisha kitu, multimita inasoma volti 9. Nikiunganisha sensa, zinaporomoka zote. Sahani ya pili nayo haijasaidia. Niongeze ya tatu?

Koili: Acha sahani kwanza. Ubapa wako ukiguswa kwa kidole unatetemeka kwa frikwensi gani? Mota ya 50 Hz kwa kawaida ina mtetemo wa 100 Hz, maana sumaku huvuta mara mbili katika kila mzunguko wa umeme. Ubapa usipolingana na hapo, unabebwa tu kama abiria. Weka kizito kwenye ncha, kizidi kidogo, halafu kipunguze kwa tupa taratibu huku ukitazama multimita. Volti zitapanda ghafla. Ukiendelea kukwangua zitashuka tena, kwa hiyo usiwe na pupa.

Fundi Mzee: Koili kasema kweli, ila hizo volti 9 zisikudanganye, kijana. Piezo ni kapasita, kitunza chaji kidogo. Yenye nanofaradi 20, kwa 100 Hz, inataka mzigo wa kiloomu 80 hivi ili itoe nguvu yake yote. Sensa ikiamka inadai miliampea. Piezo inakupa maikroampea. Itazimia tu, hata ubandike sahani kumi.

Pitisha umeme kwenye daraja la dayodi (dayodi nne zinazougeuza uende upande mmoja), ujaze kapasita. Sensa ilale, iamke kapasita ikijaa, itume, ilale tena. Kapasita ichezee karibu na nusu ya volti za kilele unazopata bila mzigo. Hapo ndipo mavuno ni makubwa. Ukiiacha ipande mpaka juu kabisa, piezo haiingizi tena kitu. Na dayodi ziwe za Schottky: zile za kawaida zinameza kama volti 0.7 kila moja, na kwenye daraja umeme unapita mbili kwa wakati mmoja.

Mvunamtetemo: Shukrani, mzee. Sahani nimezishika kwa utepe wa sponji wa pande mbili. Una neno?

Fundi Mzee: Bandua leo hii! Sponji inajinyoosha yenyewe, piezo inabaki imestarehe. Tumia epoksi, safu nyembamba, na sahani ikae karibu na shina, ile ncha iliyofungwa kwenye mota, pale ubapa unapojikunja zaidi. Bolti za shina kaza mpaka zikatae.